Makochi ya Kuazima na Mkopo wa Chuo

Mkaa umegoma kushika. Dobi anainama, anapuliza, anakohoa, anapuliza tena, na rundo la mashati ya watu linamsubiri mezani. Jua bado halijatoka.

"Hata mkaa siku hizi una maringo," anasema, akifuta macho kwa kitambaa cha kichwani.

Mtaa mzima unamwita Mama Pasi. Amelizoea jina hilo kiasi kwamba akiitwa kwa jina lake halisi huchelewa kuitika. Chumba chake ni kimoja, kimegawanywa kwa pazia. Upande huu ipo meza ya kupigia pasi, upande ule kitanda anacholalia na bintiye. Nje, uani, kamba za kuanikia zimejaa nguo za wateja. Kiti hakuna. Kiti cha nini, anauliza, kwa mtu anayeshinda wima kutwa nzima?

Hilo la kiti ndilo lililomponza.

Bintiye, ambaye ni mtoto wa pekee, majirani humwita Profesa, kwa sababu tangu mdogo hakubali gazeti lifungiwe nguo za mteja kabla hajalisoma. Mwaka huu amepata nafasi chuoni, kusomea uhandisi wa maji. Siku habari zilipofika, mama mtu alicheka mpaka akakaa chini.

"Maji! Nimeshinda nayo miaka yote hii mpaka mikono imechakaa, kumbe yana digrii?"

Kicheko kiliisha walipoona ada. Mama Pasi hupiga hesabu zake zote kwa mashati, na shati moja, kufua na kunyoosha, halinunui hata mkate mdogo. Ada ya mwaka wa kwanza, kabla mtoto hajala wala hajapata pa kulala, ilikuwa mashati elfu sita.

"Nikasema hapa hata nikifua mapazia ya dunia nzima, siambulii kitu."

Wakaenda kwa mwenye stesheneri, mzee mwenye miwani iliyofungwa uzi, anayewajazia watu maombi ya mtandaoni huku akiwagombeza wote bila ubaguzi. Yeye ndiye aliyewafafanulia mambo ya mkopo wa elimu ya juu.

"Kwanza muelewe, si zawadi," aliwaambia. "Mtoto akimaliza na kupata kazi, anakatwa kidogo kidogo kwenye mshahara. Pili, kufaulu peke yake hakutoshi. Wanaangalia uwezo wa familia, kisha wanatoa yote, au nusu, au hola."

"Kwa hiyo umaskini unapimwa kama presha?" Mama Pasi aliuliza.

"Unapimwa. Na wewe wakikupima, wataomba kwanza mashine iangaliwe kama ni nzima."

Walitakiwa kupeleka vyeti, barua ya mtaa, mdhamini, na taarifa za wazazi wote wawili. Hapo kwenye wazazi wawili ndipo walipokwama. Baba yake Profesa aliaga anakwenda kutafuta kazi mtoto akiwa hajaota meno, na mpaka leo hajaonekana, si yeye si kazi. Ikabidi Mama Pasi aende kula kiapo kwamba hajui mume wake aliko.

"Kusimama mbele ya watu uape kwamba umeachwa, jamani!" anasema. "Nilijikaza kisabuni, nikaapa. Nilipofika nyumbani nililala na viatu."

Maombi yakaenda. Baada ya muda simu ikaita: kesho afisa atapita kuona hali ya familia. Na hapo ndipo mambo yalipoharibika, tena yaliharibiwa kwa nia njema kabisa.

Wa kwanza kushtuka alikuwa Mama Salio, shoga yake wa mlango wa pili, muuza vocha za simu. "Mgeni mzima wa ofisi anakuja, utamkalisha wapi? Sakafuni?"

Uani hapo ndivyo wanavyoishi. Mmoja akipata mgeni wa heshima, wote wamempata. Makochi ya Mama Salio yakabebwa, na kwa kuwa hayakupita mlangoni, mlango ukang'olewa. Jirani mwingine akaleta televisheni, mwingine zulia, mwingine glasi za kioo ambazo hata yeye hajawahi kuzinywea. Meza ya pasi ikafichwa nyuma ya pazia.

Profesa peke yake ndiye aliyepinga. "Mama, anakuja kuona tulivyo. Tuache tulivyo."

"Ndiyo nimvunjie mgeni heshima kwa sababu ya mkopo? Sikukulea hivyo."

Afisa akaja, bwana mmoja mpole mwenye begi. Akazama kwenye kochi, akanywa soda, akasifu usafi wa chumba. Dirishani zilionekana suti tatu za mwanasheria mmoja, mteja wa siku nyingi, zinakauka kwenye kamba. Afisa alizitazama, akaandika. Hakuuliza ni za nani. Akaaga kwa tabasamu, na Mama Salio akapiga kigelegele.

Jibu lilikuja kwa ujumbe wa simu. Maombi hayakufanikiwa. Familia imeonekana ina uwezo, na maelezo kuhusu baba yana mashaka.

Mama Pasi alidhani wamekosea namba. Profesa alisoma, akaiweka simu mezani, akatoka kwenda kufua nguo za wateja. Wiki nzima mama na mwana walizungumza kwa ndiyo na hapana tu, na chumba chenyewe ndicho hicho kimoja.

"Angenifokea ningepumua," anasema Mama Pasi. "Lakini alikuwa ananisalimia vizuri, ananitengea chakula, basi. Nilijiona mchawi. Mtoto amesoma kwa taa ya kuazima, mimi nakuja kumwangusha kwa makochi ya kuazima!"

Mwenye stesheneri aliposikia kisa, alivua miwani. "Wenzako wanaficha mali, wewe umeficha shida! Nimejaza maombi mpaka vidole vimepinda, hii sijawahi kuiona."

Aligomba mpaka akachoka, ndipo akawaeleza kwamba ipo njia ya rufaa. Wakaandika upya, kila kitu kilivyo. Mama Salio akatia saini kwamba makochi ni yake, huku machozi yanamtoka kama vile amefiwa. Mwanasheria naye akaandika kwamba suti ni zake. Wakaambiwa atakuja mtu mwingine kuwatembelea, ila safari hii bila taarifa.

Anakuja asubuhi hii hii, mkaa umeshashika na shati la kwanza liko mezani.

"Hodi humu ndani?"

Ni mama wa makamo, viatu vimejaa vumbi, faili kwapani. Mama Pasi anaganda na pasi mkononi. Macho yanamkimbilia mlango wa Mama Salio. Profesa, aliyekuwa anakunja shuka, anamtazama mama yake na kutikisa kichwa polepole.

"Karibu, mama," anasema Mama Pasi, na sauti inamshuka. "Ila hapa kwetu... hatuna pa kukukalisha."

"Usijali, nitasimama."

Hilo sasa limemshinda. Anaingia nyuma ya pazia, anatoka na kreti tupu la soda, analigeuza, analifuta, analifuta tena, kisha anatandika juu yake kitenge chake cha kutokea. Afisa anakaa, magoti yanakaribia kidevu, anafungua faili.

"Na wewe unakaa wapi?"

"Mimi sikai, mama. Nasimama hapa."

Maswali yanaendelea. Nguo za kwenye kamba ni za nani? Baba alionekana lini mara ya mwisho? Kwa wiki unafua kiasi gani? Mama Pasi anajibu yote bila kutia chumvi, na huku anapiga pasi, maana shati lina mwenyewe na mwenyewe analitaka kabla ya kwenda kazini.

"Na yale makochi," anauliza afisa. "Nani aliyetoa wazo la kuyaazima?"

Mama Pasi anaiweka pasi chini. Anafungua mdomo. Profesa anamtangulia.

"Sisi wote," anasema. "Tulikuwa tunamheshimu mgeni. Angetuuliza ni ya nani, tungemwambia."

Afisa anaandika, na anaandika kwa kirefu. Akisimama anakikunja kile kitenge mwenyewe na kumrudishia mwenye nacho. Hana la kuahidi, anasema. Majibu yatakuja kwa simu.

Akishaondoka, Mama Pasi analia waziwazi, bila kusingizia kitu. Profesa anaichukua pasi na kuendelea pale mama yake alipoishia.

Majibu hayajatoka mpaka makala haya yanakwenda mitamboni. Wakipewa nusu, Mama Pasi ameshaahidiwa kazi ya kufua shuka za nyumba ya wageni iliyo karibu, na chuo kinakubali ada kwa awamu. Wakinyimwa, Profesa atafua na mama yake mwaka mzima, kisha wataomba upya.

Na wakipewa yote? Atafanya nini kwanza?

Mama Pasi anafikiri kidogo. Ni swali ambalo, ukimtazama usoni, hakuna mtu aliyewahi kumuuliza.

"Nitalala," anasema. "Siku moja nzima, asiniamshe mtu. Nikiamka, nitamfulia mwanangu nguo zake za kwenda nazo chuoni. Zake huwa nazifua mwisho, baada ya za watu, na sabuni imeshaisha. Siku hiyo nitaanza na zake."