Rada Ilisema Hapa ni Kavu

Kaka yangu alirudi nyumbani likizo kutoka Nairobi na zawadi mbili: boksi la tende, ambalo tulilimaliza kabla hajavua viatu, na rada ya mvua, ambayo nusura itumalize sisi.

Rada yenyewe ilikuwa ndani ya simu. Ukiifungua unaona ramani, na kwenye ramani kuna nukta ya buluu. Hiyo nukta ni wewe, umeketi Garissa unatoka jasho. Halafu kuna madoa yanayotembea. Kijani ni manyunyu, njano ni mvua, nyekundu ni mvua ya kweli, na zambarau ni Mungu atusaidie. Kaka alisimama katikati ya uwanja, mkono mmoja kiunoni, akamwonyesha mama, utadhani mawingu yalikuwa yakimwomba yeye ruhusa kabla ya kupita.

"Hooyo, kuanzia leo hakuna kubahatisha," akasema. Hooyo ndivyo tunavyomwita mama kwa Kisomali.

Mama akauliza kama inaonyesha na mbuzi waliopotea. Haionyeshi. Akasikitika kidogo, lakini akaipenda hivyo hivyo.

Sasa, kwa nini mama alihitaji habari za mvua? Mbuzi wake walikwisha kwa ukame, mmoja mmoja, huko upande wa Balambala. Walipokwisha hakukaa chini kulia. Alishuka kwenye kipande cha shamba cha marehemu baba kando ya mto Tana, akatafuta pampu ya kuvuta maji, akapanda vitunguu. Mama huyu huyu ambaye maisha yake yote aliwaita wakulima "watu wa matope". Nilipomkumbusha aliniambia niende nikasahihishe madaftari yangu.

Kaka hakufurahi. Alitaka mama ahamie kwake Islii, huko Nairobi, ghorofa ya tano, kwenye chumba chenye zulia jekundu na dirisha linalotazama dirisha la jirani. Walibishana kwenye simu msimu mzima, mpaka mama akachoka, akakata kauli. Vitunguu vikifaulu, Nairobi isitajwe tena mbele yake. Visipofaulu, atakuja. Na mama yangu akishatoa neno, halirudi. Kwa hiyo mimi, mwalimu wa Kiswahili wa shule ya msingi, nisiyejua hata kitunguu kinalala upande gani ardhini, nikaanza kuviombea vitunguu dua baada ya kila swala. Sikutaka kubaki Garissa bila mama. Nasema wazi, sioni haya.

Vitunguu vikakomaa kaka akiwa yupo. Majani yakaanza kulala, dalili kwamba wakati wa kung'oa umefika. Lakini ukishang'oa, lazima uvianike pale pale shambani vikauke shingo kabla ya kuvitia kwenye neti. Mvua ikivikuta vimelala juani, vinaoza. Kwa hiyo unahitaji siku kadhaa kavu mfululizo, na hapo ndipo kaka alipopata kazi ya maisha yake.

"Kesho tung'oe?" mama aliuliza.

Kaka akafungua simu. Doa la kijani lilikuwa linakuja kutoka upande wa pwani, taratibu, kama mtu anayekuja kuomba sukari. "Kesho mvua," akasema. "Tusubiri."

Kesho yake jua liliwaka mpaka mabati yakapiga kelele. Lile doa lilifika karibu na nukta yetu likatoweka. "Limepita," kaka akaeleza. Limepita wapi, hakusema. Doa lingine likatokea. Tukasubiri na hilo. Wallahi sijawahi kuona mvua nyingi kama zile zilizonyesha ndani ya simu ya kaka yangu. Kwenye ngozi zetu halikugusa hata tone.

Siku moja tu rada iliapa kwamba ni kavu kabisa, nikafua nguo zote za nyumba nikaanika. Mvua ikashuka kana kwamba ilikuwa imejificha nyuma ya ukuta ikinisubiri. Sikubishana na setilaiti, mimi ni nani? Nilikamua mashela yangu kimya kimya huku kaka akinionyesha kwamba, kwa hakika, hakukuwa na mvua.

Mtaa mzima ukamjua. Majirani walikuja kuuliza kama wafunge turubai la harusi, kama waanue nyama waliyoikata vipande wakaianika kwenye kamba, kama waende Wajir leo au wangoje. Kaka aliwajibu wote kwa sauti ya mtu anayesoma taarifa ya habari. Na mama, nisimsingizie kaka peke yake, mama alikuwa mwanafunzi wake wa kwanza. Alijifunza kuifungua mwenyewe. Baada ya alfajiri, hata chai hajanywa, utamsikia akiniita: "Njoo uone, leo tuna njano mbili!"

Huku kwetu, hata hivyo, kina mama wenye mashamba ya mtoni wana desturi yao. Lori la viazi na kabichi likifika sokoni kutoka Meru, salamu hazijaisha wameshamuuliza dereva: huko kwenu kumenyesha? Akijibu kwamba kunanyesha usiku na mchana, mama anarudi shambani, anaivuta pampu yake juu na kuvuna kinachovunika. Kwa sababu Tana haina habari na mbingu ya Garissa. Inaweza kufurika na sisi tunatafuta kivuli. Maji yanatoka huko milimani, na mtoto wa darasa la kwanza hapa analijua hilo.

Sote tulilijua. Lakini msimu huo hatukumuuliza dereva yeyote. Kwa nini umsumbue mtu mwenye vumbi la safari machoni wakati una picha kutoka angani? Redio nayo ikatangaza kwamba watu wa kando ya mto wahame, kaka akasema redio husema hivyo kila mwaka, ambayo ni kweli, na kila mwaka kuna watu wanaobebwa na maji, ambayo hakuisema.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba tuliiona. Siku moja alasiri mama alikuwa anachezacheza na ramani kwa kidole, ikateleza, ikaenda mpaka huko juu milimani. Kote kulikuwa zambarau. Si doa, ni zulia zima. Tulikusanyika watatu juu ya simu ile.

"Subhanallah," mama akasema. "Maskini watu wa huko. Sijui wanalala wapi."

"Garissa tuna bahati," mimi nikasema. Mimi, mwalimu, kwa mdomo wangu huu.

Kaka akairudisha ramani kwenye nukta yetu. Hapa kulikuwa na kijani kidogo. Tukaamua kusubiri.

Maji yalifika asubuhi moja yenye mbingu safi, buluu tupu, hata kipande cha wingu hakuna. Jirani wa shamba alikuja mbio na tuktuk akipiga honi tangu barabarani. Tulipofika mtoni, Tana ilikuwa imeshapanda ukingo, rangi ya chai ya maziwa, ikiingia shambani bila kelele yoyote. Hiyo ndiyo tabia yake. Haiji na kishindo, inakuja kama mgeni mwenye adabu, inakaa kila mahali.

Tuliingia. Mama alikunja dera lake akalifunga kiunoni akaanza kung'oa kwa mikono miwili, anarusha nyuma bila kutazama. Mimi nilikuwa nikiokota na kujaza gunia, nikilia na kutukana kwa zamu. Kaka alikuwa na viatu vyake vya ngozi vya Nairobi. Kimoja kilibaki kwenye tope na sijui kama samaki wamepata matumizi nacho. Maji yalitufika magotini, na katikati ya mambo hayo yote simu ikalia mfukoni mwake. Akaitoa, maana mtu huyu simu ikilia lazima aitoe. Niliyasoma maandishi kwa macho yangu: Hakuna mvua inayotarajiwa mahali ulipo. Siku nzuri ya kutoka nje.

Nilimwambia aitupe mtoni. Hakuitupa. Lakini nimpe haki yake: pampu aliiokoa yeye, aliibeba mgongoni peke yake kutoka ukingoni mpaka barabarani, na mpaka leo akiinama anashika kiuno.

Magunia machache tuliyoyatoa yalikuwa yameloa, na vitunguu vilivyoloa havikai. Vingine vyote viliondoka na mto. Tuliketi kando ya barabara tukitazama mahali palipokuwa shamba. Mama akanyoosha mkono, akaomba simu. Kaka akampa. Akaifungua, akaweka kidole, akaivuta ramani taratibu, akaufuata mto kinyume, bonde hadi bonde, mpaka kwenye ile zambarau.

"Si ndiyo hii," akauliza, "tuliyoionea huruma?"

Kaka aliinamisha kichwa, na nikaona mabega yake yanatikisika. Nilikuwa nimejiandaa kumrushia maneno ya kumtosha mpaka Ramadhani, yakanikauka. Sisemi alifanya makusudi. Mtu aliyetaka vitunguu vife asingepoteza kiatu.

Yeye mwenyewe ndiye aliyesema: "Hooyo, ile ahadi tuiache. Ni makosa yangu."

"Wewe ulisikia nikitoa neno au hukusikia?" mama akasema. Akaenda kufunga nguo.

Nyumba bila mama ilikuwa mbaya kuliko nilivyofikiria, na nilikuwa nimefikiria mabaya mengi. Jiko lilikuwa baridi. Hakuna wa kuniambia nimenenepa. Nikiamka alfajiri nasikiliza kama kuna mtu anayeita njoo uone njano. Hakuna. Mto ukashuka, ukaacha shamba na tope jeusi zuri, na mimi, mtu wa chaki, nikashuka na jembe. Nilimwambia mama kwenye simu kwamba nimepanda vitunguu. Alicheka mpaka akakohoa. Kisha akaanza kunipa amri na hakuacha tena.

Huko ghorofa ya tano, kaka alinisimulia, mama hakulijali dirisha wala zulia. Aliketi na simu yake, nayo sasa ina rada. Lakini nukta ya buluu ya Islii hakuitazama hata mara moja. Asubuhi, mchana na jioni alikuwa akikaa juu ya milima ile kwa kidole chake, akingoja rangi ibadilike. Majirani zake wa mtoni walikuwa na namba yake. Nasikia hata madereva wa Meru walikuwa wanampigia kumuuliza kwao kutakuwaje.

Vitunguu vyangu vikaanza kulala majani. Nilikuwa darasani simu ilipoita. Mama hanipigii darasani, kwa hiyo nikatoka nje.

Hakunisalimu. "Ng'oa leo."

"Hooyo, hapa jua linawaka, na..."

"Nimekuuliza jua? Ng'oa leo. Usivianike huko chini, vipeleke nyumbani, viweke juu ya bati. Pampu itoke. Waambie na wenzako."

"Kuna rangi gani?"

"Ile," akasema.

Sikungoja kengele. Mwalimu mkuu mpaka sasa ananitazama vibaya, na ana haki. Nilikwenda na tuktuk tatu na kila jirani aliyekubali kunisikia, na waliokataa niliwaambia amesema mama, wakaja. Tuling'oa mpaka jua likainama. Mbingu ilikuwa safi kabisa, na wapita njia walituuliza kama tumerogwa. Siku zilizofuata vitunguu vilikuwa juu ya bati langu, na harufu yake ilifika mpaka msikitini, na Tana ikapanda, ikaingia shambani kwa ule ustaarabu wake, ikakuta udongo mtupu.

Nilimtumia mama picha mbili, ya bati na ya mto. Hakujibu. Nikakasirika. Mtu amevunja mgongo, hata mashallah hapewi? Aliyepiga jioni alikuwa kaka, sauti imemshuka.

"Ameanza kukunja nguo," akasema.

Nilimpokea stendi. Amekonda, amevaa soksi za sufu kwenye joto hili, na alinitazama juu mpaka chini akasema nimekuwa mweusi kama mkulima. Nikamkumbatia nikalia mbele za watu. Simu yake ikaita. Alikuwa kaka, na mama, ambaye hajui kunong'ona, akaongea naye stendi nzima ikisikia.

"Lakini Hooyo, si ulinipa neno?"

"Nilisema nitakuja," mama akasema. "Nikaja. Ni nani alikwambia nitakaa?"