Si Saizi Yetu

Nimesomesha Kiingereza miaka mingi, na hakuna neno linalonitia kichefuchefu siku hizi kama saizi. Zamani mtu akikataa posa alisema kijana si kufu yetu. Lilikuuma, lakini lilikuwa neno la watu wazima. Sasa watu wanapimana kwa neno la dukani, la viatu na suruali.

Nilipeleka posa ya mtoto wa marehemu kaka yangu, kijana mvuvi wa kisiwani Tumbatu. Binti ni wa Malindi, mjini, wamependana, na babake hayupo duniani, kwa hiyo wa kuozesha ni ami yake. Mama wa binti alikuwa upande wetu. Asubuhi ile alinipigia simu: "Mwalimu, shemeji yangu atasema maneno. Mwache abwate, atachoka. Wewe nyamaza tu, mengine niachie mimi."

Nikamwambia inshallah. Tukaenda watu watatu, tukakaribishwa, tukakaa. Bwana yule, ami wa binti, kaegemea mto, mguu juu ya mguu, hata kahawa haijapoa: "Mwalimu, kijana wenu hana ubaya. Ila si saizi yetu."

Lahaula! Mtu mwenyewe Kiingereza chake kinaishia kwenye "oke"! Ulimi ukaniwasha.

"Unajua neno hilo limetoka wapi?" nikamwuliza. "Kwa Wafaransa, na asili yake ni kukaa kitako. Waingereza wakaliita hivyo baraza la mahakimu, waliokaa kupanga sheria, mpaka kipimo cha mkate na pombe. Kikao kikaisha, jina likabaki kwenye kipimo. Neno la mkate na pombe, bwana, ndilo unalolitia kwenye ndoa! Na wewe umekaa kitako hapo unatupima kama mkate wa boflo. Wenzako mahakimu angalau walikuwa na mizani."

Wallahi nilijisikia raha. Wenzangu wawili wakainamisha vichwa, wanatazama mkeka. Bwana yule akanyanyuka, akatufungulia mlango. Nyuma ya pazia nikamsikia mama wa binti, taratibu: "Ah, Mwalimu."

Kijana alikuwa ananingoja kwangu, kavaa kanzu iliyopigwa pasi.

"Shikamoo, ami. Wamesemaje?"

"Marahaba." Nikamhadithia yote, nikicheka. Yeye hakucheka. Alinisikiliza mpaka mwisho, kwa adabu.

"Umemweza kweli, ami," akasema. "Sasa mke wangu yuko wapi?"