Mtaro wa Mama Mlimani

Siku ile ya utoto wangu, nilisikia jembe kabla sijamwona mama: tu, tu, tu, ndani ya udongo mbichi. Mlio huo ulinirudia juzi, nilipoona maji mekundu kwa udongo yakishuka barabara ya Rughenda, mtaa ninaoishi sasa.

Mama alikuwa akichimba mtaro mrefu kukata mteremko wa shamba letu la maharage. Vita vilikuwa vinakaribia, kwa hiyo niliamini ni shimo la kujikinga na risasi, nikajilaza ndani.

"Toka humo, Kavira! Ni ya kukamata udongo, hapana ya kulaza batoto," alisema akicheka, huku akipanda matete ukingoni.

Jirani yetu, Mama Masika, alipita na godoro kichwani. "Batu banakimbia, weye unalima?"

"Tutakukuta ku parokia kule munakimbilia, dada. Lakini mvua ikikuta huu mulima wazi, udongo yote itaenda mu mto. Tukirudi, tutalima majiwe?"

Sikujua bado kwamba chakula chetu chote kilikuwa katika ule udongo mweusi wa juu, mwembamba kama blanketi.

Ngurumo ya kwanza ya mvua ilipopiga, mama alinikimbiza nyumbani, akanipa kiazi cha moto. "Imebaki kipande kidogo ya mtaro," alisema, akashika jembe, akatoka, na mlango ukafungwa nyuma yake. Juzi, nikitazama yale maji mekundu, nilielewa alichokuwa akikiokoa.