Jumapili Kwenye Lami ya Wakandarasi

Mzee yule nilimkuta amechuchumaa mbele ya tairi la gari yangu, na jambo la kwanza nililofanya ni kupapasa ufunguo kwenye pochi. Ilikuwa kwenye kituo cha mafuta hapa Mpanda. Nilikuwa nimeingia dukani kununua maji, sikumaliza hata dakika tano. Natoka, namwona mtu mzima, kofia ameishika mkononi, anapitisha kidole kwenye ukingo wa tairi kama mnunuzi anayekagua meno ya mbuzi mnadani.

"Shikamoo mzee," nilisema, kwa sauti ya kuuliza unatafuta nini hapo.

"Marahaba. Wewe ni mwalimu?"

"Umenijuaje?"

Alionyesha madaftari ya wanafunzi kwenye kiti cha nyuma. Kisha akasimama, akajipangusa magoti. "Tairi zako zimeliwa upande wa nje. Unaingia kwenye kona na mwendo, halafu unakanyaga breki ukiwa katikati. Ni kosa la mtu anayependa kukimbia ila hakuna aliyemfundisha."

Nilikasirika, kwa sababu alikuwa amesema kweli. Nafundisha shule ya msingi huko Mwamkulu, nina miaka arobaini na moja, na hakuna mtu niliyewahi kumwambia kwamba napenda mwendo. Gari yenyewe ni ndogo, ya mtumba, niliyoihangaikia miaka mingi. Miezi michache kabla ya hapo, nikitoka Inyonga, ng'ombe aliingia barabarani ghafla. Nilikanyaga breki kwa nguvu zangu zote, gari ikageuka ubavu, ikasimama ikitazama nilikotoka. Ng'ombe akavuka taratibu. Nilikaa pale, nikajua kwamba chombo nilichokuwa nakiendesha kila siku sikukifahamu.

Mzee akaniambia kuna eneo njia ya kwenda Sibwesa, ambapo wakandarasi wa barabara walikuwa na kambi. Walipoondoka waliacha lami iliyozunguka kambi nzima, haina shimo, haina mtu. Serikali ya kijiji imewaruhusu yeye na wenzake kuitumia. Jumapili moja kila mwezi watu wachache wanakwenda na magari yao wenyewe, wanajifunza kuyaendesha kwa kasi mahali ambapo hawatamgonga mtu.

"Mashindano?" niliuliza.

"Hapana. Ukimshindanisha mtu ambaye hajui, utamzika. Tunajifunza tu."

Tulipeana namba za simu, na jioni ile alinitumia ujumbe. Nije na helmeti, hata ya bodaboda inafaa. Nguo ya mikono mirefu, viatu vya kufunika. Nitoe kila kitu ndani ya gari: tairi la akiba, jeki, mazulia, hata kalamu. Nisichukue abiria. Niwe tayari kutia sahihi karatasi kwamba litakalonipata nimelitaka mwenyewe.

Nilimsomea mama. Mama anaishi na mimi, na masikio yake ni mazuri kuliko yangu.

"Rudia hapo pa kutoa vitu," alisema.

Nikarudia.

"Mwanangu, mtu anakuita porini, anakwambia uende peke yako, utoe mali yako uiweke chini, utie sahihi kwamba ukifa shauri yako. Na wewe mwenye vyeti unaniuliza mimi?" Kisha akauliza: "Ni mtu wa wapi?"

Nilimwambia. Kwa maelezo yake mwenyewe, wazazi wake walikuja kutoka Burundi, yeye amekulia kwenye makazi ya wakimbizi, ameendesha malori makubwa karibu maisha yake yote, na sasa ni raia kama sisi. Mama alikunja mdomo. Sisi ni wa hapa tangu babu wa babu, na kwetu nyumbani maneno "wale wa makazi" yalisemwa kwa namna ambayo nilikua nayo bila kuihoji.

Aliyepinga zaidi, hata hivyo, alikuwa mdogo wangu wa kiume. Yeye ni fundi, ana gereji yake ndogo mjini, na ndiye anayeishughulikia gari yangu tangu niinunue. "Dada, usiende. Hao ni wezi wa vipuri. Watakufungulia matairi, watoe vyako vizima, wakuwekee vibovu."

"Kwa nini wafungue matairi?"

"Huyo mzee atasema anakagua. Usikubali akague. Umenisikia? Akigusa tairi, ondoka."

Alinipigia tena Jumamosi kurudia neno hilo hilo. Nilishukuru kuwa na ndugu anayenijali.

Mzee ni Msabato, ndiyo maana siku yake ilikuwa Jumapili. Mimi nilisali misa ya kwanza, nikaondoka. Nilikuwa nimejipanga. Ufunguo wa pili niliuficha kwenye soksi. Namba ya chasisi ya gari niliiandika kwenye mkono kwa kalamu ya wino. Nilipofika, kabla hata ya kusalimia, nilipiga picha namba za magari yote matano niliyoyakuta, nikamtumia mwalimu mwenzangu: Nisipopatikana jioni, anza na hawa.

Walikuwa watu wa kawaida, jambo ambalo halikunituliza. Mmoja alikuwa mama wa makamo anayeuza dawa Inyonga, na kigari chekundu kama kiberiti. Alinipa mkono, akanisaidia kushusha tairi la akiba. Vitu vya kila mtu viliwekwa chini ya turubai moja. Nilivihesabu vyangu mara mbili. Kisha wakabandika selotepu kwenye taa za mbele, kwamba kioo kikivunjika kisisambae barabarani. Mimi niliwaza: au ni ili gari isitambulike?

Mzee akaja na spana, akachuchumaa kwenye tairi langu la mbele.

"Unafanya nini?"

"Nakaza nati. Mbili zilikuwa zimelegea." Hakuinua kichwa. "Ningependa kufungua niangalie breki pia."

"Hapana. Fundi wangu ameshaangalia. Pedi mpya zilifungwa Pasaka, nilizileta mwenyewe kutoka Tabora."

Aliinuka. "Sawa, Mwalimu. Basi nipe ufunguo, nizunguke mara mbili nikuonyeshe njia."

"Ufunguo sikupi."

Nilidhani ataudhika. Alivaa helmeti, akazunguka upande wa pili, akakaa kiti cha abiria, akafunga mkanda. "Twende polepole basi. Breki yote imalizike kabla ya kona. Halafu usiangalie unapoogopa kwenda, angalia unapotaka kwenda."

Raundi tatu za kwanza nilikuwa namwangalia yeye kuliko barabara. Mikono yake ilikuwa imelala kwenye mapaja, haigusi kitu. Ya nne nikaanza kusikia gari. Nikipunguza mapema, usukani ulikuwa mwepesi, na kona kali iliyo karibu na mizani ya zamani ya malori ilinipokea bila kelele. Mzee alisema "sasa," nikakanyaga mafuta, na kitu fulani kifuani kikafunguka. Nilicheka peke yangu ndani ya helmeti. Sikumbuki lini nilikuwa nimecheka hivyo.

Baada ya mapumziko hakupanda tena. "Nenda mwenyewe. Ukiona nimepunga khanga nyekundu, punguza uingie pembeni."

Nilikwenda. Mara mbili, mara tatu, kila raundi nikiongeza kidogo. Nikanusa harufu kama ya waya unaoungua, nikadhani ni ya kigari chekundu kilichokuwa mbele. Kwa mbali niliona khanga ikipungwa. Nilikanyaga breki, na mguu wangu ukazama mpaka sakafuni kama umekanyaga tope.

Hakukuwa na breki.

Nilipampu, mara moja, mara tatu. Kona ilikuwa inakuja. Sikujaribu kuikata, nilinyoosha usukani, nikaingiza gia ndogo, nikaachia gari iingie kwenye majani. Iliruka, ikayumba, ikapanda rundo la kokoto, ikazimika hapo, pua juu.

Walikuja wakikimbia. Nilitoka mwenyewe, sikuwa hata na mkwaruzo, na mtu wa kwanza niliyemwona alikuwa yeye, bado ameshika khanga.

"Umenifanyia nini gari yangu?" nilipiga kelele. "Asubuhi ulikuwa unachokonoa nini pale? Nyie watu nyie!"

Neno hilo la mwisho lilitoka lenyewe. Kila mtu alilisikia. Yule mama wa Inyonga aliangalia chini.

Mzee aliikunja khanga. Alisubiri magurudumu yapoe, akaniita nisogee, akasema, "Fungua wewe. Mimi sigusi." Akanipa spana.

Nilifungua nati kwa mikono yangu, yeye akinielekeza kwa maneno tu. Tairi lilipotoka, hata mimi nisiyejua kitu niliona. Pedi zilikuwa zimeliwa hadi kwenye chuma. Upande wa pili zilikuwa za zamani, zimebandikwa kipande kipya juu kwa gundi, na gundi ilikuwa imeungua. Kwenye kikopo chake chini ya boneti, mafuta ya breki yalikuwa meusi kama kahawa. "Haya yamechemka," alisema. "Yana miaka. Zile za Tabora hazijawahi kufungwa humu, Mwalimu."

Gari ilivutwa kwa kamba hadi mjini, taratibu, nami nikiwa ndani, nimeshika usukani wa kitu kisichosimama. Walinipeleka moja kwa moja gereji kwa mdogo wangu.

"Nilikwambia!" alisema hata kabla sijashuka. "Wamebadilisha!"

"Nimefungua mwenyewe."

Alifuta mikono kwenye kitambaa, akaendelea kufuta ilipokuwa tayari safi. "Dada, kulikuwa na mteja wa haraka, anasafiri. Nikampa zako, nikasema zikija nyingine nitakufungia. Halafu nikasahau."

"Uliniambia umefunga."

"Nilisahau."

Mpaka leo sijui kama alisahau. Nilikumbuka alivyonisihi nisikubali mtu aguse matairi, nikamwangalia usoni, uso ninaoujua tangu akiwa mgongoni kwangu, nikashindwa kuusoma. Mama aliposikia alisema mtoto hawezi kumfanyia dada yake hivyo kusudi. Alilisema upesi mno.

Kwa mzee nilikwenda wiki iliyofuata, na dumu dogo la asali. Alikuwa nyuma ya nyumba anapukuchua mahindi. Nilipiga goti, jambo nisilolifanya kwa watu wengi, nikasema nimekuja kuomba radhi kwa lile neno.

"Kaa," alisema. Aliendelea kupukuchua kidogo. "Hata mimi nilikushuku."

"Mimi?"

"Umefika, hujasalimia, unapiga picha namba za magari. Una maandishi mkononi. Nikasema huyu ametumwa. Sisi huku, mtu akituandika tunajiuliza anatupeleka wapi. Ile karatasi yangu ya uraia nilikuwa nayo mfukoni siku nzima, ukitaka kujua."

Nilikaa. Nilichukua hindi nikaanza kumsaidia.

Sasa magurudumu nayafungua mwenyewe, kila mwezi, kabla ya Jumapili ile. Mdogo wangu bado ananifanyia kazi ya injini, nami nasimama pale hadi amalize. Hapendi. Nami sipendi, lakini nasimama.

Mama alikubali kuja kuona mara moja tu. Alikaa kwenye kiti cha plastiki chini ya mwavuli, mkoba mapajani, akaangalia raundi zangu zote. Mzee alikwenda kumsalimia, akampelekea maji, wakazungumza muda mrefu kuliko nilivyotarajia. Tulikuwa tunarudi, tumekaribia mjini.

"Yule mzee wako," alisema akitazama dirishani, "mke wake yupo?"

"Mama, kwa nini unauliza?"

"Nauliza tu. Mtu hawezi kumpenda bure mwanamke mwenye gari."