Nyuzi za Yeshimebet

Kila asubuhi, kabla Gebeyehu hajamaliza kahawa, mkewe alichomoa uzi kwenye kapu la nyuzi za kudarizia shuka za kujitanda kanisani.

"Huu?" aliuliza asubuhi hiyo.

"Kijani."

"Haya. Na huu?"

"Rangi ya chungwa."

"Macho yako yanashinda yangu, Gebeye. Nenda kazini."

Akaenda, kifua mbele. Mji mzima wa Dessie ulimjua kwa kuunga kebo za mwanga. Zile za ndani ya majengo zina kioo chenye kiini kipana, mwanga unakwenda ukijigongagonga kwenye kuta za kiini hicho, haufiki mbali. Za milimani kiini chake ni chembamba mno, mwanga unashika njia moja tu, unabeba simu na picha za watu mpaka miji ya mbali. Kila unywele wa kioo umepakwa rangi yake, na lazima uungwe na wa rangi hiyo hiyo.

Na rangi ndizo zilizokuwa zikimtoroka. Ujanani, yeye na wenzake walikuwa na ujinga mmoja: kuchungulia ncha ya unywele waone kama mwanga umefika. Mwanga wenyewe hauonekani, ila unaunguza jicho, nao wanachungulia! Jicho la kushoto lilikufa zamani, sasa la kulia lilikuwa linafifia. Aliyejua ni mkewe, Yeshimebet, peke yake, ndiyo maana ya mtihani wa nyuzi.

Siku hiyo tingatinga lilikata kebo nje ya mji. Gebeyehu aliunga, mashine ya kuungia ikasema viungo ni safi. Hospitali ikabaki bila mawasiliano.

Msimamizi, Dagnachew, alichuchumaa kando yake. "Gashe," alisema, kwa heshima ya kumwita mzee, "hii rangi gani?"

"Chungwa."

Dagnachew alikichukua kisu cha kukatia kioo mkononi mwake, taratibu. "Ni nyekundu, Gashe. Nenda nyumbani upumzike. Kesho usije."

Yeshimebet alikuwa anadarizi, kahawa ikiwa mezani, Gebeyehu alipoingia.

"Ule uzi wa pili wa asubuhi ulikuwa rangi gani?"

Sindano ilisimama. "Mwekundu."

"Na wa kwanza?"

"Kahawia."

"Tangu lini unanidanganya, mwanamke?"

"Tangu Pasaka. Nikikwambia umepatia, ulikuwa unacheka. Ningefanyaje?"

Alitaka kumfokea, hasira haikuja. Ilikuja huzuni tupu.

"Nipe mwingine," alisema.

Akampa. Gebeyehu aliusogeza dirishani, akauangalia mpaka kahawa ikapoa, na rangi yake bado hakuijua.