Jamhuri ya Ghorofa ya Nane

Watu wa Xiaobei, mtaa wa wafanyabiashara wa Kiafrika hapa Guangzhou, wakimtaja Murshid hucheka kwanza, halafu ndiyo wanasimulia. Mimi sicheki. Huu ni mwaka wangu wa tisa Guangzhou, nimeuziwa simu za maonyesho zisizo na kitu ndani, nimeuziwa viatu vya mguu wa kushoto tupu, na bado hakuna aliyenikera kama mtu huyu aliyejitangaza rais kwenye korido ya nyumba ya kupanga, Sanyuanli, akakaa madarakani siku arobaini na moja. Naandika habari zake kwa sababu wanaozisimulia wamemfanya kichekesho, na mtu akishakuwa kichekesho hakuna anayemdai jibu.

Alizaliwa Magomeni, mtoto wa fundi saa. Shule aliiacha mapema, mwenyewe anasema walimu walikuwa hawampi nafasi ya kuongea. Akaenda Geita kutafuta dhahabu, akatoka na kovu kwenye paji la uso. Akazamia meli hadi Durban, wakamrudisha. Akaenda Istanbul kufanya biashara ya majaketi ya ngozi, akarudi hata koti alilokwenda nalo hana. Guangzhou aliingia na suti ya rangi ya maziwa na mdomo wake. Na lazima niseme kweli, ni mtu wa kupendeka. Anakumbuka jina la mama yako. Anakuulizia goti lako linalouma. Ukimweleza shida yako anakunja uso kama ya kwake. Hilo ndilo linalonichoma zaidi, maana jitu baya la wazi ningelikwepa.

Mimi ni Getrude, mtu wa Njombe, na biashara yangu ni sweta. Huko kwetu baridi si mchezo, na mwezi wa saba ukiamka asubuhi unakuta majani ya viazi yameungua kwa umande ulioganda. Mwaka huo nilikuwa na oda ya shule moja ya msingi upande wa Makete, ambako rafiki yangu Teddy, niliyekaa naye dawati moja, sasa ndiye mwalimu mkuu. Sweta za kijani, shingo yenye mstari wa njano, kuanzia saizi ya darasa la kwanza hadi la saba. Marobota manane. Wazazi walikuwa wamekaa kikao, wamekubaliana kwamba safari hii hakuna mtoto wa kutetemeka darasani, na aliyesimama kikaoni kunisemea ni Teddy. Zilitakiwa zifike kabla baridi haijakaza. Basi.

Sasa elewa kazi yetu inavyokwenda. Hakuna hata mmoja wetu anayejaza kontena peke yake. Tunachanga mizigo, wenye sweta, wenye kava za simu, wenye magauni, tunapakia pamoja. Marobota yote yanashonwa kwenye salfeti nyeupe ileile, na yakishonwa hata mama yao hawezi kuyatofautisha. Kinachotutofautisha ni alama. Kila mtu anapaka ya kwake kwa brashi na rangi. Yangu ilikuwa GTR NJOMBE, nyekundu, na nilikuwa naipaka kwa mwandiko wa shuleni. Kontena likifika Dar, mzigo unashushwa kwenye ghala la Burhani, Kariakoo. Burhani hakujui sura, hajui umenunua nini, anasoma alama na kukabidhi.

Mambo hayo yote yalikuwa chini ya Mzee Abdulwakil, mwenyekiti wa umoja wetu, mtu wa Unguja, taratibu, asiyeinua sauti. Mwezi wa tatu nilimpelekea habari ya sweta zangu.

"Mwanangu, kontena limejaa," alinijibu. "Meiyou. Nafasi hakuna. Subiri la mwezi wa tano."

"Mzee, la mwezi wa tano litafika baridi ishakaza."

"Mzigo wako umechelewa kutoka kiwandani. Waliowahi nao wana haki yao."

Alisema kweli, na kweli yake iliniudhi. Siku hiyohiyo alikuwa amemkatalia Murshid robota lake la jinzi kutoka Xintang, kwa sababu hiyohiyo. Mimi nilikwenda kulalamika chumbani. Murshid alikwenda kupanda juu ya kiti katika mgahawa wa Bimkubwa, pale tunapokula pilau mchana, akatangaza kwamba ghorofa ya nane ya nyumba yetu imejitenga na umoja wa Abdulwakil na sasa ni jamhuri.

Watu walicheka. Kesho yake asubuhi bendera ilikuwa inaning'inia kwenye korido: kitambaa cha jinzi, katikati duara la njano alilolikata kwenye koti la mvua. Ghorofa yetu ilikuwa na vyumba kumi na kimoja na Watanzania kumi na saba, wote watu wa kuchanga mizigo, wote tumewahi kuambiwa tusubiri. Kufikia Ijumaa tulikuwa na vitambulisho vyenye picha, vilivyochapwa kwenye kibanda karibu na stesheni. Rahim, muuza kava za simu, akawa Waziri wa Mambo ya Nje kwa kuwa anajua Kichina. Mleta maji wa mitungi akawa anagongwa muhuri mkononi, viza ya siku moja, naye akawa anacheka na kuonyesha wenzake. Mwenye nyumba, mama mmoja tuliyekuwa tunamwita Laoban, aliitazama bendera akamuuliza Rahim kama tumeanzisha klabu ya mpira. Rahim akamjibu ndiyo.

Na mimi nikawa Waziri wa Mizigo. Nisijifanye nilivutwa kwa kamba. Murshid alinijia na kikombe cha chai, akaketi kwenye ndoo mlangoni pangu.

"Dada Getrude, watoto wa Makete wasubiri mwezi wa tano kwa sababu ya mzee mmoja anayependa foleni? Nimeshapata wakala wetu. Kontena letu linaondoka Jumanne. Nakuhitaji wewe, maana wewe ndiye mwenye mkono safi."

Mwanamke wa miaka arobaini na mitatu, mama wa watu wawili, nikavimba kichwa kwa kusifiwa mwandiko.

Kontena lilikuja kweli Jumanne. Hilo nampa. Marobota sitini na mbili yalikuwa yamepangwa uani na mimi nilikuwa na kopo langu la rangi nyekundu, nishaanza GTR kwenye la kwanza, ndipo Rais akatoka na suti yake ya maziwa, akaomba tusikilizane. Akasema alama ndizo zilizotuua. Kwamba mtu mwenye alama yake ana moyo wake pembeni. Kwamba Abdulwakil alitutawala kwa sababu kila mmoja alikuwa anaangalia robota lake tu, hajali la mwenzake. Kwa hiyo, kwa amri ya jamhuri, marobota yote yataandikwa neno moja: JAMHURI.

Rahim alinyoosha mkono. "Mheshimiwa, kule Dar tutatambuanaje?"

"Kwa undugu," akasema Murshid.

Tukapiga makofi. Wafanyabiashara kumi na saba, watu wanaohesabu vifungo vya sampuli moja moja, tulipiga makofi. Sijui tulikuwa na kiu ya nini. Labda ni miaka mingi ya kuitwa rafiki na watu wasiotaka kutujua majina, hata mtu akisema undugu unajikuta umesimama. Niliifuta GTR kwa tambara na kuandika JAMHURI, na ndani ya yadi hiyo nikaandika JAMHURI mara sitini, mkono ukaniuma hadi kwenye bega, na nilikuwa na furaha. Orodha ya mzigo nayo ikaandikwa hivyohivyo, JAMHURI moja hadi sitini na mbili, bila jina la mtu.

Mara sitini na moja, nisahihishe. La mwisho, lililokuwa karibu na ukuta, Murshid alinitoa brashi mkononi. "Hili liache, Mheshimiwa Waziri. Umechoka. Nitalipaka mimi." Nilimwona ana huruma.

Jamhuri yenyewe ilikufa kabla mzigo haujafika. Siku ya arobaini na moja, Laoban alipanda na fundi wa mabomba ya zimamoto, akaikuta bendera imeziba kisanduku cha bomba. Hakuuliza. Aliishusha, akaikunja vizuri, akaiweka juu ya mashine ya kufulia, akatuonya kuhusu viatu kwenye korido. Rais alikuwa amesimama palepale. Alisema "Sawa, Laoban," akaingia chumbani kwake. Hakuna aliyepigana. Wiki iliyofuata tulikuwa tunamsalimia Mzee Abdulwakil tena, naye aliitikia bila kutusimanga, jambo lililouma kuliko masimango.

Kisha Burhani akapiga simu.

"Dada'angu, mmenifanyia nini? Nina marobota sitini na mbili hapa, kila ninalolisoma limeandikwa kitu kimoja. Watu wamejaa mlangoni. Kaka wa Rahim yuko hapa, mdogo wa Swalha yule mwenzenu wa magauni yuko hapa, kila mtu anasema lile pale la kwangu. Wameshaanza kuyachana."

Nilimwomba apapase, achague manane laini mazito, apakie lori la Njombe kabla hayajaisha. Maskini akapapasa. Alipata alichopata.

Kule Makete, Teddy aliwapanga watoto uwanjani, wazazi wakaja, mchungaji akaja kuomba. Marobota sita yalikuwa sweta. La saba na la nane yalikuwa magauni ya kulalia ya Swalha, yale mepesi yanayoonyesha, na Teddy alishainua moja juu mbele ya mchungaji kabla hajajua ameshika nini. Watu wa Xiaobei wakifika hapa kwenye kusimulia hujishika mbavu. Wanasahau kuuliza marobota mawili yaliyokosekana yalikuwa ya saizi gani. Yalikuwa ya darasa la kwanza na la pili. Wale wadogo kabisa. Aliyeyachukua hajulikani mpaka leo. Nimewapigia wote, mmoja mmoja, na wote wanaapa. Undugu.

Siku tatu baadaye Burhani alinitumia ujumbe wa sauti. Niliusikiliza nikiwa kwenye ngazi za kituo cha metro cha Xiaobei, nikaurudia, kisha nikatembea moja kwa moja hadi kwa Bimkubwa. Murshid alikuwa anakula, amezungukwa na watu, anawasimulia habari za Durban. Niliweka simu mezani kando ya sahani yake na kuifungulia sauti yote.

"Dada Getrude, limebaki robota moja," ilisema sauti ya Burhani. "Hili halina ugomvi. Lina jina, MURSHID MAGOMENI, rangi nyeusi, nadhifu kabisa. Mwambie mwenyewe atume mtu."

Bimkubwa alitoka jikoni na mwiko mkononi.

Murshid alifuta mdomo. "Rais lazima ajulikane, dada. Kila nchi ndivyo ilivyo."

Sikumtukana. Nilimpigia Burhani pale pale, watu wote wakisikia.

"Burhani, una rangi hapo?"

"Ipo."

"Chukua brashi. Futa hilo jina. Andika JAMHURI."

"Dada Getrude, usifanye hivyo," akasema Murshid, na kwa mara ya kwanza nilimsikia akiongea polepole. "Jamhuri ilishakufa. Bendera ilishashushwa."

"Mzigo ulipakiwa ikiwa hai. Na mimi ndiye Waziri wa Mizigo, kitambulisho ninacho, kina sahihi yako. Burhani, andika. Ukimaliza, ufungue mlango."

Mzee Abdulwakil alikuwa kwenye meza ya kona. Murshid alimgeukia kama anayeomba msaada. Mzee alitazama chai yake na kusema, "Mimi si raia wa huko, baba."

Burhani alitusimulia baadaye kwamba halikumaliza dakika tano. Lilikuwa robota la jinzi za wanaume, nzuri, za kiuno kikubwa. Kila mtu aliondoka na alizoweza kukumbatia. Watu wa Xiaobei hunipongeza kwa hilo, hunigonga mgongoni, na Murshid mwenyewe amehamia Foshan, nasikia ameshaanza chama cha wauza vigae na watu wanampigia makofi.

Mimi sina cha kupongezwa. Jinzi ya mwanamume haimkingi mtoto wa miaka saba. Nilirudi kiwandani siku ileile kuagiza upya saizi ndogo, wakaniambia mashine zimeshikwa na oda za Ulaya, zitatoka mwezi wa tisa. Mwezi wa tisa kwetu jua limesharudi.

Teddy hakunilaumu hata kwa neno moja. Alinitumia picha ya mstari wa asubuhi. Nyuma wamesimama wakubwa, kijani na njano, wazuri mno. Mbele wamesimama wadogo, wamejifunga khanga za mama zao, mmoja amevaa koti la baba yake linaloburuta chini. Chini ya picha aliandika: "Darasa la kwanza wanauliza zao zinakuja lini. Niwaambieje?"

Nimeandika jibu na kulifuta mara nne. Kila nikianza kuandika habari za Murshid, naikumbuka ile yadi, na brashi iliyokuwa mkononi mwangu.