Rangi Iliyokataa Kushika

Wawira alirudi kwa mama yake huko Dundori mwaka ule maji ya Ziwa Naivasha yalipoingia mtaani kwake Kihoto yakamkuta kitandani. Alikuwa amekata maua kwenye mashamba ya Naivasha tangu ujana wake. Alifika na godoro lililolowa, jiko la gesi na begi moja la nguo, akidhani atakaa mpaka maji yapungue. Hayakupungua upesi. Akaanza kumkamulia mama yake ng'ombe, akapanda viazi, na mwishowe akaacha kuzungumzia kurudi.

Nyumba ya mama yake ilijengwa na mzungu aliyekuwa na shamba hapo kabla ya uhuru. Wenyeji waliponunua shamba kwa hisa na kuligawa, kipande kilichokuwa na nyumba kilimwangukia baba yake Wawira. Wenzake walimcheka, maana nyumba ilikula nafasi ya kulima. Ilikuwa imeinuliwa juu ya nguzo za mawe, ina madirisha membamba na sakafu ya mbao za mutarakwa, ule mti mwekundu unaonukia. Sasa baba alikuwa marehemu, na mbao zilikuwa nyeusi tititi, zimelika katikati pale watu wanapopita.

Mama yake, ambaye majirani humwita Mama Hiram, alikuwa anapoteza macho. Daktari wa Nakuru alisema ni presha ya macho, kwamba yaliyokwisha kupotea hayatarudi na dawa ni ya kulinda yaliyobaki. Yaliyobaki yalikuwa machache. Sura za watu hakuziona tena, lakini mwanga na giza aliweza kuvitenganisha. Ndani ya nyumba alitembea kwa mazoea, mkono mmoja ukutani. Kati ya sebule na jikoni kuna ngazi moja ya kushuka, na asubuhi moja ya Februari aliikosa. Alianguka akavunjika mkono wa kushoto.

Hiram, kaka yake Wawira, aliwakuta hospitalini.

"Mama aende kwangu Nakuru, Section 58," alimwambia dada yake. "Kuna vigae, choo kiko ndani, bibi yangu yuko nyumbani mchana. Huko kwenu ni giza hata saa sita."

"Umemuuliza mwenyewe?"

"Nimuulize nini? Unataka tungoje avunjike kiuno?"

Mama yao alikuwa kwenye benchi, mkono ndani ya plasta, akiwasikia wote wawili. "Hiram," alisema, "kwako nikikaa nitakuwa mtu wa kukalishwa. Watu watanipeleka kwa kiti na kunitoa kwa kiti. Kwangu bado najipeleka."

Hiram hakubishana naye. Lakini alipokuwa akiondoka alimwambia Wawira kando kwamba Pasaka ikipita atakuja kumchukua.

Siku chache baadaye Wawira alikuwa akikanda unga wa chapati. Pakiti ilimponyoka, unga ukamwagika kwenye mlango wa jikoni. Mama yake, aliyekuwa ameketi sebuleni, akauliza, "Umemwaga nini hapo?"

"Umejuaje nimemwaga kitu?"

"Naona kitu cheupe."

Wawira alikung'uta mikono yake yenye unga. Kisha akachota mwingine, akaunyunyiza kwenye ukingo wa ngazi kutoka upande mmoja hadi mwingine. "Na sasa je?"

"Sasa naona mahali sakafu inaishia."

Kesho yake Wawira alienda dukani kwa Muiruri, anayeuza vifaa vya ujenzi pale senta. Muiruri alipomsikia alitikisa kichwa. "Wawira, hizo mbao ng'oa. Mwaga simiti, umalize."

"Simiti ni ya kijivu, na nyumba iko juu ya nguzo. Nipe rangi ya mafuta, nyeupe kama maziwa. Na kopo dogo la nyeusi."

"Nani atakupakia?"

"Mimi."

Alifagia, akapiga deki, akapaka sebule nzima peke yake akirudi kinyumenyume kuelekea mlangoni. Mama yake alifika mlangoni kuangalia. "Ni kama kumekucha humu ndani," alisema.

Ila rangi haikukauka. Siku zikapita, bado ilinata. Wawira akadhani ni baridi ya Dundori, akangoja zaidi. Kisha alivuta kiti, na mguu wa kiti ukaondoka na rangi kama utandu wa maziwa. Slipasi za mama yake zikabeba kipande kingine hadi chumbani. Sakafu nyeusi ikachungulia kila mahali. Jioni hiyo Hiram akapiga simu kuuliza mambo yanaendaje.

"Kazi inaendelea," Wawira alimjibu, akakata simu. Akakaa juu ya ndoo iliyogeuzwa, akatazama uharibifu wake. Mabega yalimuuma na magoti yalikuwa yamechubuka.

"Uliitoa nta kwanza?" mama yake aliuliza.

"Nta gani?"

"Tangu tuingie humu nimeipaka sakafu hii nta kila Jumamosi. Wewe na Hiram mlikuwa mnaisugua na blanketi kuukuu chini ya miguu, mnateleza mkigombana. Umesahau?"

Hakuwa amesahau. Hakuwaza tu kwamba nta ile yote bado ilikuwa pale, Jumamosi juu ya Jumamosi.

"Basi rangi yako umeiweka juu ya mafuta," mama yake alisema. "Itashika nini?"

Asubuhi Wawira alifungua madirisha yote, akaanza upya. Alikwangua rangi kwa kisu butu. Alilowesha mbao kwa tapentaini ya kuyeyusha nta, akasugua kwa waya wa kusugulia sufuria mpaka uchafu mwekundu ukatoka kama tope, akaufuta kwa matambara, akalowesha tena. Ubao mmoja ulimla nusu ya asubuhi. Mama yake alimsikiliza kwa muda, kisha akasema, "Niletee kigoda. Nikalishe hapo chini."

"Na huo mkono?"

"Uliovunjika ni mmoja."

Kila Wawira alipodhani ubao umekwisha, mama yake alipitisha vidole vya mkono wa kulia juu yake polepole. "Hapa bado panateleza," alisema. "Hapa pia, kwenye mshono." Na kweli Wawira aliposugua pale, tope lilitoka tena. Hakubishana na vidole vile hata mara moja. Walipomaliza upande wa dirishani na msasa ukapita, mbao zilirudi kuwa nyekundu na harufu ya mutarakwa ikajaa chumba.

"Huumii," Wawira aliuliza, "kuona kazi yako yote ikikwanguliwa?"

"Nilipaka ili sakafu ikae. Imekaa. Sasa toa."

Mvua za masika zikaanza kabla hawajamaliza. Pasaka ilikuwa inakaribia, lakini safari hii Wawira hakuharakisha. Alipaka andakoti, ile rangi ya chini inayoshika mbao, akaiacha mpaka ukucha wake haukuacha alama. Mchana mama yake alishinda kwa jirani, Jepkosgei, ili asivute harufu, na usiku mama na binti walilala jikoni. Koti ya kwanza ya rangi nyeupe ikakauka, ikafuatwa na ya pili. Mwisho kabisa Wawira alipiga magoti kwenye mlango wa jikoni akapaka ukingo wa ngazi rangi nyeusi.

Hiram alifika Jumapili baada ya Pasaka, gari likiwa na blanketi kwenye kiti cha nyuma. Plasta ya mama yake ilikuwa imetolewa. Alimsalimu mwanawe, akamwambia aketi, kisha akainuka mwenyewe.

"Ngoja nikuletee chai."

Hiram aliruka kumshika. Wawira akamgusa mkono wa koti. "Mwache."

Mama yao alivuka sebule bila kugusa ukuta. Kwenye mstari mweusi alisimama, akauhisi kwa ncha ya slipasi, akashuka. Walisikia chupa ya chai ikifunguliwa. Akarudi na kikombe kimoja, chai imemwagika kidogo kwenye kisahani, akamkabidhi Hiram.

Hiram alikunywa akitazama chini. Baadaye akamuuliza dada yake, "Na yakiisha kabisa hayo macho?"

"Yakiisha nitakupigia mimi mwenyewe. Bado hayajaisha."

Hiram alimaliza chai. Kisha akatoka nje, akaenda hadi choo kilicho nyuma ya nyumba na kurudi, viatu vimejaa matope. "Ndani nimeona," alisema. "Hii njia ya choo ndiyo itamwangusha."

Jumamosi iliyofuata alirudi na nguzo, misumari na fito ndefu. Yeye na Wawira walijenga uzio wa kushikilia kutoka mlango wa nyuma hadi chooni, wakapanga mawe pembeni mwa njia na kuyapaka chokaa. Mama yao alikaa verandani akiwaelekeza kwa sauti, akishikilia kwamba mstari wa mawe meupe umepinda.